Mwenye Chumba cha Uani

Kizingiti kilikuwa kimefagiliwa. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona yule dada mshonaji alipotoka uani na beseni la nguo asubuhi ile, na hakukitilia maanani, maana nani atakaa aogope kizingiti kisafi? Alidhani amefagia mwenyewe jana akasahau. Ila chumba chenyewe kilikuwa kile cha nyuma, karibu na bomba, ambacho hakikufunguliwa tangu baba yao azikwe. Kufuli lilikuwa linaning'inia nje vilevile, limeshika kutu, na alama za fagio zilitoka ndani ya mlango kuja nje.

Nyumba ile baba yao aliwaachia watu watatu. Kaka mkubwa alikuwa na duka la misumari na saruji katika mji mwingine, mtu wa mipango, hata salamu alitaka zifuate utaratibu. Kitinda mimba alikuwa kinyozi, naye angeweza kukunyoa, kukuchekesha na kukukopa kabla hujashuka kitini. Katikati yao ndiye huyu dada. Ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho, na cherehani yake ilikuwa chumba cha mbele, penye mwanga. Kwa ndugu zake ile nyumba ilikuwa urithi. Kwake yeye ilikuwa paa, na hakuwa na jingine.

Kabla ya asubuhi ile ya kizingiti, kodi ya jengo ndiyo iliyokuwa imewakutanisha uani. Isipolipwa nyumba inapigwa mnada, hilo kila mmoja alilijua, lakini kujua na kutoa ni mambo mawili. Kaka akataka igawanywe sawasawa. Kinyozi akauliza kwa nini yeye asiyelala pale alipe sawa na anayelala. Dada akawakumbusha nani alifagia, nani aliziba paa lilipovuja, nani alikesha na mgonjwa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaafikiana kila mtu achague chumba chake na alipie hicho hicho. Vyumba vilikuwa vinne, wao watatu.

Kaka akasema cha nne, kile cha nyuma, alipe dada, kwa kuwa nguo zake huanikwa mbele yake. Dada akakataa katakata, akasema mle ndani hajaweka hata uzi. Hapo kinyozi, aliyekuwa amechoka na anawahi gari, akainuka, akaupiga ule mlango kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni.

"Basi tumalize," akasema. "Kila chumba ni cha anayekilipia, hata awe nani."

Wakacheka. Kaka, kwa zile taratibu zake, akataka kila mmoja atamke kwamba amekubali. Akatamka yeye, akatamka kinyozi, na dada naye akatamka, Mungu amsamehe, huku akikusanya vikombe.

Walisahau jambo moja, na ndilo linalonikera mpaka leo. Baba yao, mzee mzima na nyumba ni yake, hakuwahi kukifungua kile chumba bila kupiga hodi. Mle hamkuwa na kitu ila majembe na madebe matupu, lakini angesimama mlangoni, apige hodi mara tatu, asubiri kidogo, ndipo aingie achukue jembe lake, na akitoka aseme ahsante. Watoto walikuwa wakivunjika mbavu. Yeye husema tu kwamba adabu haina hasara, kisha huyo, anakwenda zake kulima.

Msimu wa kodi ulipokwisha, dada alikwenda ofisini kuulizia lile fungu la nne. Karani wa dirishani akamwambia nyumba yao haidaiwi kitu. Dada akajua kaka kalipa. Kaka akajua kinyozi kalipa, japo hilo lingekuwa muujiza. Kinyozi hakuwaza lolote. Neema isiyoulizwa, wote watatu wakainyamazia.

Baada ya kile kizingiti ndipo ikaja harufu. Chokaa mbichi, ile inayokwangua koo, ikitoka uani na kuingia kwenye vitambaa vya wateja. Kisha sauti. Majini ya watu wengine hungoja giza, lakini huyu alikuwa na kazi, naye aliifanya mchana kweupe, saa ambazo mtaa mzima umejilaza kwa joto. Dada angekuwa anashona, na chini ya mlio wa cherehani angesikia brashi ikipita ukutani, shwaa, shwaa, taratibu, ya mtu asiye na haraka. Akisimamisha cherehani, brashi nayo inasimama. Akianza tena, inaanza.

Siku moja akajikaza. Alikwenda mpaka kwenye ule mlango, akachungulia ufa wa mbao, akaona kuta za ndani zimepakwa chokaa nyeupe pee, na majembe ya baba yake yamepangwa yakaegemezwa ukutani kwa kimo, madogo mbele, makubwa nyuma, na hakuna mtu. Hapo ndipo neno likamponyoka mdomoni, kwa mazoea tu, akasema kama alivyokuwa akisema mzee.

"Hodi."

"Karibu," ikamjibu sauti ndani, ya chini, ya upole, jirani kabisa na sikio lake.

Alikimbia mpaka barabarani na kiatu kimoja.

Mganga aliyeletwa alikuwa bibi mfupi mwenye kikohozi, na alipofika uani hakufungua hata kifurushi chake cha dawa. Alisimama mbali na mlango, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamtaka dada amweleze yote tangu baba alipokufa. Dada akaeleza. Alipofika kwenye yale maneno ya kinyozi, bibi akashika kichwa.

"Miaka yote huyu alikuwa mgeni," akanong'ona. "Baba yako akipiga hodi, aliwahi kuitikiwa?"

"Hata siku moja."

"Mgeni haitikii hodi, mwanangu. Anayeitikia ni mwenye nyumba. Mimi nafukuza wageni. Huyu mmempa kwa midomo yenu, naye kalipa. Nitamfukuza kwa neno gani?"

Dada akamshika mkono, akamwomba kama mtoto. Bibi akasema njia iliyobaki ni moja tu, nayo si yake. Wale wale watatu waliotamka warudi wasimame pale pale, waliondoe lile neno kwa pamoja, tena kabla kodi nyingine haijalipwa. Mmoja akikosekana, ni bure. Hakupokea hata nauli, na alipotoka alitembea kinyumenyume mpaka langoni, akiinamisha kichwa kama mtu anayeaga wenyeji.

Haya, waite ndugu zako. Kinyozi kwenye simu alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye nyumba inayoitikia watu hailipii tena hata senti. Kaka akasema biashara mbaya, fungu lake mwaka huu hajalipa wala hana. Wote wawili wakasema nauli hawana. Dada alikuwa ameshaweka akiba ya kodi ya chumba chake, aliyoipata kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikachubuka. Akaigawa mara mbili, akawatumia nauli. Angefanyaje?

Kinyozi aliila nauli. Hakuja, hakupiga simu, na simu yake haikupatikana tena.

Kaka alikuja. Walikaa uani tangu asubuhi wakimngoja mdogo wao, kaka akitazama saa na kusema mambo haya yote ni woga wa wanawake, mpaka jua lilipofika utosini na mtaa ukanyamaza, na bomba likafunguka lenyewe. Walitazama maji yakiingia kwenye ndoo iliyokuwa chini yake, yakapanda yakafika ukingoni, bomba likafungwa vizuri bila tone kupotea, na ndoo ikaanza kutembea, imeinuliwa sawasawa na usawa wa mkono wa mtu mrefu, ikipita mbele ya miguu yao polepole ili isiwamwagikie, ikafika kwenye ule mlango wenye kufuli la kutu, na mlango ukafunguka na kufuli lake, ukaipokea, ukajifunga, kisha wakasikia brashi ikichovywa. Shwaa. Safari hii haikuwa chumba cha uani. Ilikuwa ukuta wa pili, kwenye chumba cha kaka.

Kaka alichukua mkoba wake.

"Mimi nina watoto," akasema, bila kumtazama.

"Na mimi nina nini, kaka?"

Alikwenda, na dada akabaki amekaa kwenye kibao cha kufulia, akalia mpaka machozi yakakauka yenyewe, huku brashi ikiendelea na kazi yake kwa heshima, kama jirani mwema asiyetaka kusumbua.

Alishona. Alishona akiwa na homa, akashona mapazia na foronya za watu, akakopa kwa muuza mkaa, mpaka fungu lake likatimia tena, na asubuhi alipolifunga kwenye pindo la khanga akatembea kwenda ofisini alijiambia kwamba potelea mbali, vitatu na avichukue, yeye kimoja kinamtosha. Karani akamtazama kwa furaha. Akasema nyumba yao ni mfano wa kuigwa, vyumba vyote vinne vimeshalipiwa.

"Na nani?" dada akauliza, ingawa alishajua.

"Si yule mzee wenu mrefu? Ana adabu yule. Hata dirishani hapa alipiga hodi." Karani akakuna kiganja. "Ila pesa zake zilikuwa mbichi. Mpaka sasa mkono unaninukia chokaa."

Alirudi kwa miguu, na hakuwa na haraka, kwa sababu hakuwa na pa kuwahi. Cherehani yake aliikuta nje ya mlango wa mbele, imefunikwa kitambaa isipate vumbi. Nguo za wateja zilikuwa zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye, na kile kiatu chake alichokiacha uani siku ile kilikuwa juu yazo, kimepigwa rangi. Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichopotea. Dirisha la chumba chake lilikuwa wazi, na ndani kuta zilikuwa nyeupe.

Jua lilikuwa kali na mtaa umelala. Alisimama mbele ya mlango aliozaliwa nyuma yake, mlango ambao alikuwa akiusukuma kwa kiwiko maisha yake yote akiwa na ndoo kichwani au mgonjwa mkononi, na mkono wake ukakataa kuusukuma. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya, na akaanza kuomba moyoni kimya kiwe hivyo hivyo, maana nyumba ambayo hodi yake haiitikiwi ni nyumba ambayo bado haina mwenyewe. Akapiga ya tatu.

Ndani, mtu akaweka brashi chini.

"Karibu, mgeni," akasema.