Nani Anakunywa Mafuta ya Pikapu?

Mikate hutoka kwenye tanuri saa kumi na moja alfajiri. Baba huichomoa kwa koleo refu la mbao. Mama huipanga kwenye trei ikiwa bado inatoa mvuke. Shemeji, yaani mdogo wake mama, hupakia trei kwenye pikapu, hufunga turubai, huwasha gari na kuondoka. Maduka yako kumi na moja. Kwenda na kurudi ni kilomita arobaini.

Kazi ilikwenda hivyo kwa miaka sita. Pikapu ilikuwa ya zamani hata siku iliponunuliwa. Mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu, na kiti cha abiria kilifungwa kwa waya. Lakini ilikuwa inatembea. Familia nzima iliishi kwa pikapu hiyo na tanuri hilo.

Kisha mafuta yakaanza kuisha upesi.

Zamani mafuta ya Jumatatu yalifika Jumamosi. Sasa ikifika Alhamisi, mshale unalala chini kabisa. Baba aliwaza siku nyingi. Hakuwaza habari za gari. Aliwaza habari za mtu.

Akanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli. Ufunguo akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni. Wiki ile mafuta yakaisha Alhamisi vilevile.

"Amechonga ufunguo mwingine," akamwambia mama.

"Nani?"

"Unamjua."

Mama akaacha kukanda. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. "Baba watoto, huyo ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Sawa, mlinyonya ziwa moja. Sasa ananyonya tangi langu."

Mama hakucheka. Baba naye hakukoma. Alipita madukani akawaambia wenye maduka: "Mkimwona shemeji yangu anauza mafuta kwa vidumu, mniambie."

Maneno yakaenea. Shemeji akifika dukani, watu huchungulia chini ya turubai. "Leo umeleta mikate au vidumu?" Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya pili alijibu kwa ukali. Siku ya tatu alishusha trei bila kusema neno.

Ijumaa pikapu ilizimika katikati ya mlima. Tangi lilikuwa kavu, na maduka matano yalikuwa bado hayajapata mikate. Shemeji alirudi nyumbani kwa miguu. Aliweka funguo za gari juu ya meza ya kukandia, katikati ya unga.

"Mafuta yameisha," akasema.

"Niliweka Jumatatu," baba akajibu.

"Najua uliweka."

"Basi yamekwenda wapi? Yameota mbawa?"

"Shemeji, niulize waziwazi. Usizunguke."

"Haya, nakuuliza waziwazi. Unamuuzia nani?"

Mama akasimama kati yao. Shemeji hakupaza sauti, na hilo lilimtisha mama zaidi.

"Dada, kaa pembeni. Shemeji, mimi nitaondoka nyumbani kwako. Lakini siondoki leo. Mimi ni dereva, sina kazi nyingine. Nikitoka hapa nimebeba jina la mwizi wa mafuta, nani atanipa gari lake? Utalifuta jina hilo kwanza. Au utalithibitisha. Moja kati ya hayo."

Wakati huohuo mtu akabisha mlangoni. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Anafundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, na mtaa mzima unamwita Mama Spana.

"Jamani, nimekuja kununua mkate. Au leo mnauza kelele?"

Mama Spana aliangalia funguo kwenye unga, kisha akaangalia nyuso zao.

"Ni yale mafuta?" akauliza.

"Yanaibiwa," akasema baba.

"Umepima?"

"Naona mshale unavyoshuka."

"Mshale wa pikapu hiyo unakisia tu. Mimi nauliza kama umepima."

Baba akakunja uso. Hakupenda kuulizwa hivyo nyumbani kwake. Lakini mama alikuwa anamtazama, na shemeji pia.

"Inapimwaje?" akauliza hatimaye.

"Nenda kituo cha mafuta. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, usilazimishe zaidi. Andika namba ya kilomita inayosomeka kwenye gari. Endesha wewe mwenyewe kwa siku tatu, njia ileile, mzigo uleule. Kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka ijikate. Lita zitakazoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Shemeji yako asiliguse gari."

"Asiliguse hata kidogo," akasema baba.

"Sitaligusa," akasema shemeji.

Siku tatu zile baba aliendesha. Shemeji alisimama kwenye tanuri mahali pa baba, na mikate yake ilitoka vizuri tu. Hata hilo lilimuudhi baba. Usiku aliegesha pikapu chini ya dirisha lake, na ufunguo wa tangi alilala nao shingoni.

Siku ya tatu alirudi kwenye pampu. Kilomita mia moja na ishirini zilikuwa zimeongezeka. Kwa lita kumi kwa kila kilomita mia, kama zamani, zilitakiwa ziingie lita kumi na mbili. Namba za pampu zikaanza kukimbia. Kumi. Kumi na mbili. Baba akatamani pampu ijikate. Haikujikata. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini. Ndipo ikajikata.

Alitoa kipande cha karatasi ya kufungia mikate, akaandika: 120 gawanya kwa 20. Jibu lilikuwa 6. Akarudia hesabu. Jibu likawa lilelile. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita kumi. Sasa ilimpeleka sita tu, na dereva alikuwa yeye mwenyewe.

Hakuenda nyumbani. Alisimama kwenye geti la Mama Spana.

"Sita," akasema.

"Kwa hiyo aliyeiba ni nani?"

Baba alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Nitakuja kwako Jumapili asubuhi, kabla hujaliwasha gari," akasema Mama Spana. "Na shemeji yako awepo."

"Lazima naye awepo?"

"Ulimsema mbele za watu. Na asikie mbele za watu."

Jumapili wote wanne walikuwa uani. Mama alisimama mlangoni. Shemeji alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni.

Mama Spana alianza chini ya gari. Alikagua tangi na mipira yake, akanusa. Hapakuwa na unyevu wala harufu ya mafuta. "Haivuji," akasema. Kisha akatoa kipimo cha upepo. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko kilichoandikwa kiasi cha upepo kinachotakiwa: thelathini na mbili. Tairi ya kwanza ilikuwa na ishirini. Ya pili ishirini na mbili.

"Upepo hupimwa asubuhi, tairi ikiwa ya baridi," akasema. "Tairi laini ni kama kutembea kwenye mchanga. Unachoka, na hufiki mbali."

Akafungua chujio la hewa, akaliinua kwenye jua. Hata uzi wa mwanga haukupita. "Injini inapumua kwa hili. Hapa mmeiziba pua." Akatoa plagi moja ya kuwashia mafuta. Ncha yake ilikuwa na masizi makavu, meusi. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko vingine vyote.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Tuendeshe kidogo."

Walizunguka dakika ishirini. Waliporudi, Mama Spana alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto akarudisha mkono haraka. Lilikuwa linafuka joto. Wakaliinua kwa jeki, shemeji akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka kwa shida.

"Breki hii haiachii," akasema Mama Spana. "Gari linakimbia huku limeshikwa shati."

Kisha akaelekeza kidole kwenye mshale wa joto la injini. "Dakika ishirini tumeendesha, na mshale bado uko chini. Siku zote uko hivi?"

"Tangu miezi mitatu iliyopita," akasema shemeji. "Mimi nilifurahi. Nilijua injini haichemki."

"Injini isiyopata moto ni mgonjwa pia." Akamgeukia baba. "Jirani, wewe ni mwokaji. Ukioka mikate huku mlango wa tanuri uko wazi, itakuwaje?"

"Nitamaliza kuni zote, na mkate hautaiva."

"Haya. Kwenye injini kuna kidude kidogo, kinaitwa themostati. Kazi yake ni kama ya mlango. Injini ikiwa ya baridi, kinafunga, ili maji yasiende kupozwa kwenye rejeta. Ikipata moto wake, kinafungua. Kisipokuwepo, injini inapozwa muda wote. Inabaki ya baridi, na ya baridi hutaka mafuta mengi. Ndiyo sababu ya masizi yale."

Walingoja injini ipoe kabisa. Mama Spana alikataza mtu kugusa mfuniko wa rejeta kabla ya hapo, kwa kuwa maji ya moto yanaweza kuruka na kumchoma mtu uso. Kisha akafungua boliti mbili, akainua kifuniko cha mahali pa themostati, akachungulia. Ndani palikuwa patupu.

"Hiki hakikuanguka chenyewe," akasema. "Nani alikitoa?"

Jogoo wa jirani aliwika. Baba alijipangusa jasho, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mimi," akasema.

"Wewe?" akauliza mama.

"Injini ilichemka pale mlimani, miezi mitatu iliyopita. Fundi mmoja wa njiani akaniambia gari la zamani halihitaji kidude kile. Nikakitoa kwa mikono yangu. Nilijiona fundi."

"Na ilichemka kwa nini?" akauliza Mama Spana.

"Rejeta ilikuwa inavuja. Niliiziba wiki iliyofuata."

"Ukaziba tundu, mlango hukuurudisha."

Mama akatikisa kichwa. "Basi mwizi tumempata," akasema taratibu, akaingia ndani.

Baba alimgeukia shemeji. "Nimekukosea, shemeji. Nisamehe."

"Umeniomba msamaha uani," akasema shemeji. "Ulinitukana madukani."

Wiki iliyofuata themostati mpya iliwekwa. Chujio likabadilishwa, breki ikarekebishwa, tairi zikajazwa upepo kama kibandiko kilivyosema. Baba akapima tena, siku tatu, njia ileile, pampu ileile. Kilomita mia moja na ishirini. Pampu ilijikata kwenye lita kumi na mbili. Hakumwonyesha mtu karatasi yake. Alikwenda kumgongea shemeji mlango.

"Vaa viatu," akasema. "Wewe utaendesha. Mimi nitakuwa na kazi ya kusema."

Kwenye duka la kwanza baba alishuka kabla ya trei. Mwenye duka alikuwa na wateja watatu. Baba alisema mbele yao wote: "Niliwaambia huyu ananiibia mafuta. Nilisema uongo. Ubovu ulikuwa wa gari, na aliyeliharibu ni mimi." Wateja wakatazamana. Mwenye duka akamshika shemeji mkono.

Duka la pili akasema hayohayo. La tatu vilevile. La nne mwenye duka alikuwa mtani wake. "Kumbe mwizi tulikuwa tunamlipa sisi kila asubuhi!" akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka barabarani. Baba alisimama akasubiri kicheko kiishe, kisha akarudia maneno yake tangu mwanzo, kwa sababu waliokuja nyuma hawakuyasikia.

Walipotoka duka la tisa, sauti yake ilikuwa imekauka. Alipanda gari, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Yamebaki mangapi?"

"Mawili," akasema shemeji. Akasita, mkono kwenye gia. "Lakini wenye hayo mawili hawakuwahi kunisema vibaya. Tunaweza kushusha mikate tu."

"Niliwaambia na wao," akasema baba. "Twende."