Anza na Kiti

Baba alikuwa fundi wa viti. Alipofariki, mimi na kaka tulibaki na karakana yake, na tovuti niliyoiandika huku nikilia. Miezi mitatu ikapita bila mteja mpya.

"Mwisho wa mwezi nafunga," alisema kaka, akipiga msasa mguu wa kiti. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Tulimshuku jirani, mpokea simu wa hospitali. Haoni, simu yake humsomea kwa sauti. Alikuwa ametuuliza mara tatu tunafungua saa ngapi.

"Tunapakana naye ukuta kwa ukuta," kaka alinong'ona. "Anauliza ya nini? Anatupeleleza huyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nimekusikia, mwanangu," jirani alisema mlangoni. "Macho yamegoma, masikio hayajambo."

Kaka aliona haya, lakini hakulegea. "Saa zetu ziko kwenye tovuti, mzee. Kwa nini unatuuliza?"

"Ziko wapi? Hebu sikilizeni."

Simu yake ikaanza kusoma: "Marehemu mwasisi wetu, mwenye ustadi uliotukuka..." Ikasoma mpaka kaka akapiga mwayo. Kisha ikasema: "Picha." Halafu: "Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa."

"Nikibonyeza naenda wapi?" jirani aliuliza. "Hivyo ndivyo matapeli wanavyoniandikia."

"Saa na namba zimo kwenye picha," nilisema polepole.

"Kwangu hiyo picha ni bubu. Na anayeona je? Kiti kimemvunjikia, asome matanga yote ndipo apate namba?"

Iliniuma. "Lakini ni Baba huyo!"

"Hakuna anayemfuta, binti yangu. Mteja akiingia, Baba alikuwa akimwuliza nini kwanza?"

"Kiti chako kina nini?"

"Basi anza na kiti."

Juu kabisa tukaandika: "Tunatengeneza viti vilivyovunjika." Chini yake saa na namba, kwa maandishi. Sentensi tukazifupisha. "Bonyeza hapa" ikawa "Tazama viti vyetu." Kila picha tukaiandikia maneno ya kueleza kilichomo, ili simu iyasome.

"Tutaona," alisema kaka, bado akishuku.

Wiki iliyofuata walipiga simu wateja wanne. Kila mmoja kaka alimhoji kama askari: "Nani kakutuma?"

"Nimesoma tu," walijibu. Habari ya kufunga ikaisha.

Jirani akausikiliza ukurasa mpya. Picha ya Baba tuliiweka mwishoni. Simu ikasoma: "Fundi amekaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Anacheka, pengo linaonekana."

Jirani aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena.

"Miaka ishirini nimecheka naye," alisema. "Hakuwahi kuniambia ana pengo."