Kishikwambi na Kalamu Yake

Kila jioni, kabla ya kufungua daftari lake, Sindano alikuwa akipasha maji, akiyamimina kwenye beseni, akitia chumvi kiganja kimoja na kulisogeza chini ya kiti cha mama yake. Waliishi wawili tu, tangu baba alipofariki. Mama alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Kutwa alisimama: ukosi kwanza, kisha mabega, kisha mikono ya shati, kisha shati jingine, na baada ya mashati, mashuka ya nyumba za wageni, marefu kama hayana mwisho, na mengine alirudi nayo nyumbani kuyakunja. Akifika nyumbani, miguu yake ilikuwa imeumuka kama unga uliozidishiwa hamira. Aliitumbukiza majini, akafumba macho na kusema, "Afadhali."

Jina la Sindano hakupewa na wazazi. Wenzake wa darasa la saba ndio waliombandika, kwa sababu alikuwa binti mwembamba na ulimi wake ulichoma. Lilimganda hata mama yake akalizoea.

Jioni moja alirudi na karatasi kutoka kwa mwalimu wa sayansi. Muhula ujao masomo mengine yangekuwa kwenye vishikwambi, na mzazi mwenye uwezo aliombwa amnunulie mwanawe.

"Nisomee, mwanangu," mama alisema, miguu majini, macho ameyafumba. Alijua kusoma, tena vizuri. Ila siku ile alikuwa amechoka hata kope zilimwelemea.

Sindano alisoma. Lakini kichwani hakuwa na karatasi ile. Humo mlikuwa na kishikwambi cha rafiki yake Kipaza. Huyo Kipaza aliitwa hivyo kwa sauti yake, maana hata siri aliitoa kama tangazo la mkutano. Mjomba wake alikuwa amemletea kishikwambi kikubwa kama sinia, chenye kalamu nyeupe. Akichora moyo wa binadamu, darasa zima lilimzunguka kama nzi kwenye kikombe cha asali.

"'Kiwe kipya,'" Sindano alisoma. "'Kioo kisipungue inchi kumi na moja. Kiwe na kalamu yake.'"

Mama alifumbua jicho moja. "Na kalamu pia?"

"Na kalamu, mama."

"Haya." Akalifumba tena jicho. "Mwalimu anajua anachokitaka."

Wiki iliyofuata mama alimwomba mwenye duka la dobi ampe na zamu ya Jumapili. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kulala. Ya kwanza akaenda, na ya pili. Ya tatu akarudi na alama ya kuungua juu ya kifundo cha mkono. Alikuwa amesinzia akiwa wima, pasi ikamgusa. Sindano alimpaka dawa kimya. Alijiambia, "Nitamwambia kesho." Lakini kesho ilikuwa na kesho yake, na Jumapili zikafika sita.

Jumamosi moja mama aliomba ruhusa ya nusu siku, wakaenda mjini kununua.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo vitupu, lenye ubaridi wa mashine. Muuzaji aliyevaa tai aliwaonyesha vishikwambi vya inchi kumi na moja, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Mama alisoma bei, akaguna.

"Na kalamu imo humo?"

"Kalamu ni bei yake mbali, mama."

Mama alishukuru, wakatoka. Duka la pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu walifika kwa ngazi, ghorofa ya tatu, wakakuta bei imepanda ngazi kuwapita. Mama alishuka akishika ukuta.

Kwenye kona ya barabara mchuuzi mmoja aliwakamata kwa maneno. "Shangazi! Kipya, ndani ya boksi, kalamu bure, nusu ya bei ya madukani! Leo tu!"

Boksi lilimeremeta. Moyo wa Sindano uliruka.

"Kiwashe tukione," mama alisema.

"Shangazi, kitu kipya hakiwashwi ovyo. Unakiwashia nyumbani, kwa raha zako."

"Kama hakiwaki, nitakupata wapi?"

"Mimi niko hapa hapa kila siku!"

Mwanamke aliyekuwa akiuza soksi pembeni alicheka hadi mabega yakatikisika. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimshika Sindano mkono, wakaendelea na safari yao.

Jua lilikuwa la utosi. Mama alitembea akiburuza mguu wa kushoto. Mbele ya kibanda kimoja chenye maandishi FUNDI SIMU NA VISHIKWAMBI palikuwa na benchi, naye akaketi bila kuuliza. Alivua kiatu. Kisigino kilikuwa chekundu.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Mbele yake palikuwa na simu zilizofunguliwa matumbo.

"Pumzika, dada," alisema. "Benchi halina kodi. Mnatafuta nini?"

Mama alimweleza: kipya, inchi kumi na moja, kalamu. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Watu huja hapa na jina la chombo, kazi hawaijui. Mimi nataka kazi kwanza. Kitafanya nini?"

"Cha shule. Mwalimu ameandika." Mama alimgeukia Sindano. "Karatasi si unayo? Msomee fundi."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Sindano aliikunjua taratibu sana. Angeweza kusoma kama alivyosoma mara ya kwanza. Fundi alikuwa upande wa pili wa meza, asingeyaona maandishi. Angesoma hivyo, wangeinuka, wangeendelea kutembea; na kesho ilikuwa Jumapili, mama angekwenda tena.

Alikitazama kile kisigino. Akajaribu kuanza, sauti ikakataa. Akajaribu tena.

"'Kishikwambi chochote,'" alisoma, "'kinachoweza kufungua vitabu na kuandikia. Kilichotumika kinafaa. Mwanafunzi asiye nacho atatumia vya shule, kwa zamu.'"

Gari lilipita. Vumbi lake likatua.

"Soma tena," mama alisema.

Alisoma tena, neno kwa neno, machozi yakidondoka juu ya karatasi.

"Na kalamu?"

"Hakuna kalamu, mama. Mimi ndiye niliyeiongeza. Na kipya, na inchi. Yote ni mimi."

Fundi alijifanya kadondosha kitu, akainama chini ya meza, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Mama hakupaza sauti. Alivaa kiatu chake, akafunga kamba, akafungua, akaifunga upya. Sindano alitamani apigwe, jambo liishe.

"Fundi," mama alisema mwishowe, "tuonyeshe vilivyotumika."

Fundi aliinuka na kuweka viwili mezani. Kimoja kilikuwa cha rangi ya dhahabu, chembamba, kinavutia. Kingine kilikuwa cheusi cha kufifia, na pembeni mwa kioo kulikuwa na mkwaruzo mfupi kama unyusi. Bei zililingana.

"Atakayekitumia ndiye achague," fundi alisema. "Lakini asichague kwa macho tu. Binti, tia vyote viwili chaja. Tikisa waya kidogo."

Sindano alipangusa uso kwa kiwiko, akafanya alivyoambiwa. Cha dhahabu kikachaji, kikakatika, kikachaji tena.

"Tundu lake limelegea. Sasa shika picha hii kwa kidole, iburute kioo kizima, kona hadi kona. Ikikukwama, pale kioo kimekufa."

Kwenye cheusi picha ilimfuata kidole hata kwenye ule mkwaruzo. Kwenye cha dhahabu ilikwama chini kulia, mara mbili. Fundi akamfundisha kutazama betri inavyoshuka video ikicheza. Walingoja robo saa nzima, na mama akasinzia ameegemea nguzo. Cha dhahabu kilikuwa kimeshuka kama maji kwenye pakacha.

"Nafasi ya kuhifadhi je?" Sindano aliuliza kwa sauti ndogo. "Cha rafiki yangu kina kubwa sana."

"Vitabu vya shule havili nafasi. Michezo na video ndizo zinazokula. Wewe unakwenda kusoma au kutazama?"

"Kusoma."

"Basi hii itakutosha. Na jambo la mwisho, msisahau popote mtakaponunua: hakikisheni jina la mwenyewe wa zamani limefutwa, na risiti mpewe. Kisichokuwa na risiti huenda kina mwenyewe anayekililia."

"Nachukua cheusi," Sindano alisema.

Mama aliamshwa, akalipa, akapokea risiti na waranti ya mwezi mmoja iliyoandikwa kwa mkono. Fedha nyingi zilibaki kwenye bahasha. Aliitazama bahasha ile kwa muda, kisha akaitia kifuani.

Walishika njia ya kurudi. Walipita kwenye duka la dobi. Mvuke ulitoka mlangoni kama pumzi ya mgonjwa.

"Umekipata kile kitu cha mtoto?" mwenye duka aliuliza.

"Nimekipata."

"Cha kalamu?"

Sindano aliinamisha kichwa, akingoja aibu imfike.

"Kinachomfaa," mama alijibu. "Nimekuja kukuambia, Jumapili sitakuja tena. Mwili umekataa."

Mwenye duka alikubali. Walipotoka, Sindano alikuwa na uzito kifuani uliozidi ule wa kibandani. Mama alikuwa amemsitiri, na kusitiriwa kulimuuma kuliko kofi.

Walipofika nyumbani alipiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini leo sina nguvu hata ya kukasirika. Tutaongea kesho."

Asubuhi ya Jumapili Sindano aliamka mapema. Alifagia kwa ufagio uliolowa ili usikwaruze, akafua sare yake, akafua na sare ya kazi ya mama. Saa tatu mama alikuwa amelala. Saa nne amelala. Sindano alichungulia mlangoni akaona mdomo wa mama umefunguka kidogo, na mkono wenye kovu la pasi umening'inia kitandani. Alihesabu kichwani: hii ilikuwa Jumapili ya saba. Zile sita nyingine mama alipaswa kuwa hapa hapa, hivi hivi.

Kipaza alifika na sauti yake. "Hebu tukione hicho kishikwam..."

"Shii! Mama amelala."

Kipaza alinong'ona, na mnong'ono wake ungeweza kusikika nyumba ya tatu. "Mbona kidogo? Na kalamu iko wapi? Si ulituambia kitakuwa na kalamu?"

Ulimi wa Sindano ulikuwa na majibu mengi ya haraka. Aliyameza yote.

"Nilidanganya," alisema. "Hakina kalamu. Kinafungua vitabu."

Kipaza alimtazama, akakigeuza kile kitu, akakifungua. "Kinafungua haraka lakini," alisema. Kisha akaketi kizingitini, wakasoma pamoja sura ya kwanza.

Mama aliamka saa sita mchana, Kipaza ameshaondoka. Alikunywa chai, akamwita Sindano aketi mbele yake. Uso wake ulikuwa na mistari ya mto, lakini macho yalikuwa yamepata mwanga.

"Sasa nina nguvu, tuongee. Kwa nini?"

"Nilitaka wanizunguke kama wanavyomzunguka mwenzangu. Niliona nikisema ni mimi ninayetaka, utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ungenuna siku mbili, tatu, ukamaliza." Mama aliugusa mkono wake penye kovu, si kwa kumwonyesha, bali kwa kuwa ulimwasha. "Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Hii yako haikuwa fupi, mwanangu. Ilikuwa ya Jumapili sita, ila si wewe uliyeitembea. Ni mimi."

Sindano alilia. Mama alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

"Zile fedha zilizobaki ni za ada ya muhula na viatu vyangu. Na wewe jioni utakuwa unanisaidia kukunja mashuka ninayoleta nyumbani, hadi muhula uishe. Hilo ni la kukukumbusha, si la kukukomoa."

"Ndiyo, mama."

"Na jana ulipoulizwa, ungeweza kudanganya tena. Niliona ulivyohangaika. Ukasema kweli mbele ya mtu baki, na hilo nalo sikulisahau nilipokuwa nimelala." Mama alipumua. "Uongo humchosha mwingine kabla ya kumchosha mwenyewe. Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kitu, njoo useme, 'Mama, nakitaka.' Kutaka si kosa. Nitakujibu ninacho au sina, nasi sote wawili tutalala."