Punje Chini ya Unyayo wa Malaika

Makvala alipofungua kisanduku asubuhi ile, aliikuta punje ya sita imelowa.

Alikuwa ameibandua mwenyewe jana yake kwa ncha ya kisu, kwenye ukuta wa kanisa dogo la milimani, mkoani Svaneti: punje ya rangi nyekundu, ndogo kuliko ufuta, kutoka chini ya unyayo wa malaika mkuu. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuzipima rangi za kale kwa hadubini na dawa. Zile tano nyingine zilikuwa kavu kama vumbi, kama ipasavyo rangi ya miaka mia nane. Hii ilikuwa imeacha tone kwenye kioo.

"Umeitemea mate?" alimtania mumewe, Otari, fundi wa kuziba nyufa za chokaa.

"Mate yangu nakuwekea wewe," alijibu Otari.

Wakacheka. Bimurza, mkulima wa viazi ambaye ukoo wake ndio ulioshika ufunguo wa kanisa tangu enzi za mababu, hakucheka. Alivua kofia yake ya sufu.

"Shemeji, irudishe. Leo hii."

"Kwani kuna nini pale?"

"Kuna jini. Mchoraji hakumchora. Alimfunika."

Makvala aliona ni maneno ya vijijini. Adhuhuri akaitia punje yote kwenye asidi, akitafuta chuma, zebaki, au risasi. Hakupata hata kimoja. Kile kimiminika kikaganda, kizito na cheusi, kama damu iliyomwagika muda ule.

Tangu saa ile kanisa lilianza kunuka nywele zilizoungua. Jua likiwa bado linawaka madirishani, walisikia ukucha ukikwaruza nyuma ya chokaa, taratibu, ukinyamaza kila waliponyamaza. Kesho yake midomo ya Otari ilikuwa imepauka, na kesho kutwa masikio, na kucha, na wekundu wa ndani ya macho, naye akakaa mbele ya ule ukuta bila kula wala kugeuza shingo, huku sauti ya ukucha ikishuka pole pole hadi usawa wa kichwa chake na kutua hapo, kana kwamba aliye upande wa pili naye amekaa.

"Maki," alinong'ona, "kuna mtu ananinyonya rangi."

Makvala alikimbia kumwita Bimurza. Naye akaja na mikate mitatu na mshumaa, akasali kwa Kisvani, lugha ya huko.

"Nipe punje niifukie palepale kwa nta."

"Sina."

"Huna vipi?"

"Nimeiyeyusha. Yote."

Bimurza aliiweka mikate chini, mmoja mmoja. "Basi mimi nifunge kwa kitu gani, dada yangu?"

Hata hivyo alijaribu. Alikanda nta, akaziba kile kitundu kilichoachwa na punje, akakandamiza kwa dole gumba. Nta ikatoka polepole, ikisukumwa kutoka ndani, ikadondoka sakafuni. Ilikuwa na alama ya kidole upande ambao hakuna aliyeushika.

Otari alifia njiani wakimshusha hospitalini Mestia, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, mweupe mpaka mboni.

Baada ya maziko Makvala aliandika taarifa, kurasa tisa, akisihi kanisa lijengewe ukuta mlangoni. Mkuu wake kule Tbilisi aliziweka kando kurasa hizo kwa huruma, akisema ni majonzi, halafu majira ya kupukutika majani akapeleka kikundi kingine cha wataalamu kanisani. Makvala alipopata habari alipiga simu kwa pupa. Ikapokelewa na Ketino, mwanakemia ambaye Makvala mwenyewe aliwahi kumfundisha.

"Ketino mwanangu, usiguse ule ukuta. Nakuomba. Ondokeni hapo sasa hivi."

"Pole sana na msiba, mwalimu." Sauti ya Ketino ilikuwa na huruma, na uchovu. "Lakini usijali, kazi inakwenda vizuri. Tumeshabandua punje arobaini."

"Zirudisheni! Ziko wapi?"

"Ziko kwenye asidi, mwalimu. Zote. Tangu juzi."