Mzamivu Hana Kadi

"Mzamiaji? Wanaume wote umeona wameisha, ukaniletea mzamiaji?"

Mama Sufuria, mpishi wa harusi, hakuwa na adui duniani kama mzamiaji, yule mtu anayeingia kwenye sherehe ya watu bila kadi na kula kuliko wenye kadi. Binti yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Mchumba mwenyewe alikuwa pale pale kwenye kochi, suti ya kuazima ikimbana kwapani.

"Mama, sijasema mzamiaji. Anasoma shahada ya uzamivu. Udaktari."

"Udaktari? Haya, goti langu hili halinilazi."

"Si daktari wa magoti, mama," mchumba akakohoa. "Mimi ni wa fasihi. Natafiti vijembe."

"Vya kulimia?"

"Vya maneno."

"Kwa hiyo kutibu hutibu, na kulima hulimi."

Binti aliuma mdomo asicheke. Bila baraka za mama hapakuwa na harusi, naye alimpenda huyu mwanamume mpaka akawa anafurahia kusomewa tanbihi.

"Mtu mzima na ndevu zako, bado uko shule," mama akaendelea, "kama kuku anayeatamia viazi!"

Mchumba akachomoa simu. "Mama, hicho rudia taratibu, nirekodi."

Mama akarudia, safari hii kwa madoido. Akaongeza kingine, akaanza hata kutabasamu. Halafu akamkazia macho.

"Hebu geuka. Sura hii naijua! Harusi ya mtoto wa mwalimu, ulirudi kwenye foleni mara tatu. Ukasema unamchukulia bibi mgonjwa!"

Maji yalikuwa yamezidi unga. Simu ya binti ikatetemeka.

*Nikane?*

Akajibu chini ya meza: *Ukikana, nakuacha.*

Mchumba akashusha pumzi.

"Ni kweli, mama. Sikuwa na kadi, wala bibi mgonjwa. Mara ya kwanza nilifuata chakula. Mbili zilizobaki nilimfuata anayepakua."

Mama akamgeukia bintiye taratibu.

"Kumbe ndiyo maana siku ile nyama hazikutosha!"

Akacheka mpaka akashika lile goti. Hapo binti akajua ameolewa.

Siku ya harusi, mama alisimama mlangoni na mwiko.

"Kadi?"

"Mama, mimi ndiye bwana harusi!"

"Wazamiaji wote husema hivyo."

Sauti ya bibi harusi ikatoka ndani. "Mpitishe, mama. Huyu nimemwalika mimi."

Mama akasogea kidogo.

"Pita. Ila leo foleni ni mara moja tu."