Mwandiko Ndani ya Gari Jekundu

Saa sita na nusu mchana, katikati ya mzunguko uliojaa magari, gari jekundu la milango miwili lilizima. Lilikuwa gari la kasi la zamani, fupi, lenye pua ndefu. Ndani yake alikaa daktari wa meno, blauzi yake nyeupe imepigwa pasi hadi mikono. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa kwenye kiti cha pili, kwani klachi ya gari lile haikupenda visigino.

"Dada, ondoa sanamu lako!" dereva wa lori alipiga kelele.

Mwanamume mrefu mwenye ovaroli la kijivu alivuka kati ya magari, akainama, akaweka sikio juu ya boneti.

"Kaka, unasikiliza nini? Si limezima?"

"Ndiyo maana nasikiliza. Gari likinguruma linasema uongo."

Alifungua boneti, akachomoa kwanza nyaya za betri. "Mimi hata nikikaza skrubu ya kioo, natoa betri. Nilishaungua siku moja, ikatosha." Kisha akatoa plagi moja nyeusi tii. "Jino hili limeoza."

Daktari alicheka bila kutaka. "Unajua unazungumza na daktari wa meno?"

"Basi tugawane. Wewe ya watu, mimi ya chuma."

Gari liliwaka. Watu wa mtaani walimwita Fundi Masikio, na gereji yake ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Tangu siku ile daktari alipita pale kila Jumamosi, hata gari lisipokuwa na kasoro.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Mzee alilitunza miaka ishirini, na kila alichokifanya alikiandika katika daftari lenye jalada gumu, lililokaa kwenye droo ya dashibodi pamoja na kalamu ya wino wa kijani. Kilomita ngapi, oili ipi, kabureta imesafishwa lini. Alivuta mkia wa herufi kushoto kama ndoana, na saba zake alizikata katikati.

"Sheria ya baba ni moja," daktari alimwambia fundi. "Kinachofanyika kinaandikwa."

Fundi aliangalia daftari, akafuta mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Andika wewe, mpenzi. Mimi nitakutajia."

Ndivyo walivyofanya. Na simu zikawa nyingi.

"Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Anakohoa kila asubuhi."

"Na daktari wake?"

"Daktari hajambo, ila ana njaa na fundi wake hamkaribishi chakula cha jioni."

Hapo fundi alirudi kwenye kikohozi cha gari. Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni simu yake ilizimwa, na hakusema anakokwenda. Daktari aliuliza mara mbili, akajibiwa, "Nina shughuli, mama, usijali." Alijali.

Kisha mambo yakaanza. Mchana mmoja alitoka kliniki, akafungua mlango wa gari, akakuta kiti kimesogezwa nyuma kabisa, mahali pa miguu mirefu ya baba yake. Alijiambia ni fundi, aliyempa ufunguo wa akiba, naye ni mrefu. Juma lililofuata, akiingia nyumbani, honi ililia yenyewe: mara mbili, fupi fupi. Hivyo ndivyo mzee alivyoomba kufunguliwa geti. Shangazi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akikaa naye, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, kisha akasimama.

"Ni waya tu, shangazi."

"Waya na uwe waya. Mimi nasali. Liuze hilo gari, mwanangu, lina mwenyewe."

Siku chache baadaye daktari alifungua daftari ili aandike oili mpya. Ilikuwa imeshaandikwa. Wino wa kijani. Mkia kama ndoana. *Kilomita 148,120. Oili imebadilishwa.* Baba yake alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Aliketi huku jua likiwaka kwenye kioo, na mikono yake ilikuwa baridi. Mtu anapoogopa hivyo hana pa kwenda ila kwa Mungu, naye alisali palepale, usukani mkononi. Halafu akaendesha mpaka gereji.

"Nani ameandika hapa?"

Fundi Masikio alitabasamu kwa haya. "Mimi. Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi? Unaiga mkono wa marehemu baba yangu, halafu nifurahi? Umejifunzia wapi uchawi huu?"

Tabasamu lilizimika. "Si uchawi."

"Ni nini basi? Na jioni unakwenda wapi? Nijibu!"

Jibu lilikuwa moja kwa maswali yote mawili. Lakini fundi alikuwa na miaka thelathini na minane, naye alikuwa mbele ya mwanamke aliyesoma vyuo viwili. Aliinamisha macho kwenye buti zake.

"Basi nipe ufunguo," daktari alisema. Alilia njia nzima.

Wiki tatu gari lilikaa uani, geti limefungwa, funguo zote mbili chini ya mto wake. Fundi alipiga simu, hakupokelewa. Daktari akakubali kuliuza; mnunuzi akapatikana katika mji wa chini ya milima, akataka gari lifikishwe Jumamosi. Njia ya huko ni mteremko wa kona kumi na tisa.

Jumamosi asubuhi daktari alivaa gauni jeusi, kama anayekwenda mazishini, akachukua daftari ili amkabidhi mnunuzi. Lilifunguka lenyewe penye ukurasa wa mwisho.

*Kilomita 148,306. Mpira wa breki, mbele kushoto, umepasuka kwa ndani. Usiteremke.*

Wino ulikuwa bado mbichi. Ulimpaka kidole. Aliangalia dashibodi: 148,306.

Alimpigia fundi simu kwa hasira, au alijiambia ni hasira. "Umeingiaje kwangu?"

"Mimi? Sijafika kwenu tangu ulipoondoka."

"Usinidanganye. Umeandika tena."

"Nisomee."

Alisoma.

"Mpenzi wangu, nisikilize. Sikuandika hilo. Usiliguse gari. Nakuja."

Alifika anahema, ovaroli limefungwa vifungo kombo, daftari la shule likiwa kwapani. Hakuomba msamaha. Alitoa betri, akaiweka kwenye sakafu ya saruji, akainua gurudumu kwa jeki na kufungua mpira wa breki, bomba linalopeleka mafuta ya breki gurudumuni. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, hata unang'aa. Akauchana kwa kisu. Ndani ulikuwa umechanika vipande vipande kama ganda la kitunguu.

"Ungefika kona ya tatu au ya nne," alisema polepole. "Halafu pedali ya breki ingezama, gari lisisimame."

Daktari aliketi chini, gauni na yote. Shangazi, aliyekuwa mlangoni, aliinua mikono na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo fundi alipomkabidhi daftari la shule. Kurasa nzima zilijaa sentensi za mzee zilizonakiliwa, zikipanda na kushuka: *Kabureta imesafishwa. Plagi nne mpya.*

"Sikuwahi kusoma," alisema. "Namba nilijua, herufi sikujua. Jioni nakwenda darasa la watu wazima. Mwalimu alituambia, tafuteni mwandiko wa mtu mnayemheshimu, muufuate. Mimi nilimheshimu aliyelitunza gari hili. Basi nikaogopa kukuambia. Ungecheka."

"Ningecheka?" Machozi yalimdondoka. "Mjinga wee. Ningekuchongea penseli."

Shangazi aliyaweka madaftari mawili pamoja, akavaa miwani. Mikia yote ya fundi ilipinda kulia. Mstari wa asubuhi ile ulikuwa na mkia wa ndoana, umepinda kushoto.

"Huu ni mkono wa kaka yangu," alisema. Alirudi jikoni akinong'ona sala, na hapakuwa na hofu katika sauti yake.

Fundi Masikio alichukua kalamu ya kijani. Safari hii hakumwiga mtu. Aliandika kwa herufi zake mwenyewe, kubwa, zimesimama wima kama watoto kwenye foleni, ulimi ukimtoka pembeni kwa juhudi. Alichukua dakika nzima.

*Kilomita 148,306. Naomba nikuoe.*

Daktari alisoma mara tatu. "Mbona kilomita?"

"Si sheria ya baba? Kinachofanyika kinaandikwa."

Alimnyang'anya kalamu, akaandika chini yake: *Ndiyo.*

Ndipo honi ya gari ikalia. Mara mbili, fupi fupi.

Wote wawili waliangalia betri. Ilikuwa sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye gari, nyaya zake zikiwa hewani. Mkono wa fundi ulitafuta mkono wa daktari, ukaupata.

Kutoka jikoni walisikia mwiko ukiwekwa mezani. Shangazi alipita katikati yao bila haraka, akikaza kanga kiunoni, akaenda kumfungulia kaka yake geti.