Jina Chini ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Kitabu cha biashara ya mipakani kilikuwa kimoja tu katika maktaba ya chuo pale Butembo, na wanafunzi wa gestion, yaani uendeshaji biashara, waliokitaka walikuwa arobaini. Asubuhi hiyo, mwishoni mwa mwaka 1999, vita vikiendelea nchini, walibanana mbele ya meza ya mama Agar, mtunza maktaba. Katungu alikuwa katikati yao, kitenge chake cha zambarau kimeshakanyagwa mara mbili. Mkono wake ulipokifikia kitabu, ulikuta mkono mwingine umekishika.

Mwenye mkono alivaa koti la ngozi lenye vumbi la njia ya Kasindi, mpakani na Uganda.

"Mi narudisha tu," akasema. "Ni ya dada yangu Rachida. Naitwa Maulidi. Niko déclarant, wa kujazia batu makaratasi ya mizigo, kule Kasindi."

"Donc wewe njo unapitishaka malori ku douane?"

"Kila siku, tangu miaka sita."

Katungu akakiachia kitabu. "Bengine bakamate ile. Mi nimepata kitabu yangu."

"Kitabu hii inakulaka, mademoiselle. Na iko na njaa."

Wakaenda kula samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge. Tangu hapo Maulidi akawa anapanda Butembo kila Jumapili, na penzi ni kikohozi, hata mama Agar aliliona. Maulidi alisimulia habari za forodha, Katungu akaandika kwenye vijikadi vyake, kila neno na siku yake.

"Hata nikisema nakupenda, utaandika ku fiche?"

"Nitaandika, na tarehe."

Siku moja ya Machi, Katungu alimfuata Kasindi. Maulidi akamwonyesha malori ya wakubwa wenye bunduki, yanayopita kizuizini bila kufunguliwa.

"Naweza andika hii?" akauliza.

"Andika. Ni kweli, batu bote banaona."

Maulidi hakujua kwamba huko chuoni neno haliendi peke yake. Chef Ézéchias, msimamizi wa kazi ya Katungu ya kumaliza masomo, alikuwa na wimbo mmoja: "Mademoiselle, neno bila mwenyewe ni wizi. Nani alisema? Wapi? Siku gani?" Basi Katungu akatii. Chini ya ukurasa wa kumi na saba akapiga kwa mashine: Maulidi Issaka, déclarant, mazungumzo, Kasindi, tarehe 12 Machi 2000. Alifurahi kuliona. Jina lake lilikuwa juu ya jalada, la Maulidi ndani, na hakuna padri wala imamu aliyewauliza kitu. Ukimtaja nyoka, shika fimbo mkononi. Katungu alitaja, na fimbo hakuwa nayo.

Alifaulu vizuri mwezi wa saba, nakala ikawekwa maktabani. Wiki tatu baadaye Rachida aliingia kwake bila hata kusalimia.

"Basoda ba bale bakubwa baliingia kwa Maulidi na photocopie ya page dix-sept. Alitokea ku dirisha, iko Bwera sasa, ngambo ya Uganda. Anasema hivi: basoda alibaogopaka, mais hakuwaza ni wewe utabapatia jina yake."

"Nilifwata règle, Rachida. Tuliambiwa kila neno ikuwe na mwenyewe."

"Na mwenyewe ulimuuliza?"

Katungu akauliza tu namna ya kumpata huko Bwera.

Kesho yake alikwenda kwenye nyumba ya phonie, ile redio ya kuitana mbali. Watu tisa walikuwa wakingoja zamu kwenye benchi, wakisikia yote; kila aliyemaliza kusema alitamka "à vous" ili mwenzake ajibu.

"Naomba Maulidi. À vous."

Mashine ikakoroma, kisha sauti ikaja. "Maulidi haiko. À vous."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Basi umwambie nilikosa," akasema Katungu, machozi yakimtoka. "Sikujua. Namupenda. À vous."

"Nitamwambia. Terminé."

Watu wa benchi wakatazama chini. Katungu akatoka, akaenda moja kwa moja maktabani, akaomba nakala ya kazi yake.

"Kitabu ya bibliothèque haipasulwake," mama Agar alimwambia, halafu akamgeuzia mgongo na kuanza kupanga rafu iliyokwisha kupangwa. Katungu akaing'oa karatasi, akatia nyingine iliyosema tu "déclarant mmoja". Ile ya zamani akaikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo za misa.

Baadaye chuo kikamwajiri pale pale maktabani. Upweke ulimla miaka mitatu. Mama yake alimletea wachumba wawili wa parokia, akawakataa wote. Jumapili alikula samaki peke yake, na muuza samaki akazoea asimuulize.

Mwaka 2003, watu waliposema vita vimekwisha, mtu mwenye koti la ngozi alisimama mbele ya meza. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Aliomba kazi ya Katungu kwa jina, kana kwamba hamjui, akafungua ukurasa wa kumi na saba akiwa wima.

"Donc hata jina ulinifuta," akasema.

"Nilikufuta juu uishi."

Katungu akafungua kitabu cha nyimbo, akamnyooshea karatasi iliyochakaa. Maulidi akaisoma polepole mpaka chini.

"Na tarehe uliandika."

"Nilikuambiaka."

Akaweka kidole juu ya jina lake.

"Sasa niko muzima, Katungu," akasema. "Unirudishe."

Katungu akatafuta gundi ndani ya saraka. Akaibandika ile karatasi mahali pake, nayo ikashika upande kidogo.